Daftari la Mhazini

Ndugu msomaji, ukitaka kujua ni nani anayeiendesha kamati ya shule, usimtazame aliyekaa kiti cha mbele. Mtazame aliyelishika daftari. Mimi nilikaa kiti cha mbele kwa miaka miwili katika shule moja ya msingi hapa Tukuyu, na nayaandika haya kwa aibu kidogo.

Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada ilifutwa, lakini chakula cha mchana cha watoto wa kutwa kilibaki jukumu la wazazi. Kwetu sisi tulikubaliana kila nyumba ilete mahindi na maharage ya makande, pamoja na fedha kidogo za mpishi na kuni. Makubaliano yalikuwa mepesi. Kazi ndiyo iliyokuwa nzito: kupima debe moja moja, kuandika stakabadhi, kwenda sokoni, kumlipa mpishi, na kutafuta kuni kavu katika mji upatao mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Asiyewahi kuwasha kuni za Tukuyu mwezi wa Aprili hajui moshi ni nini.

Wazazi katika kamati tulikuwa wanane. Kazi hizo zote alizifanya mmoja, mhazini wetu, mama wa watoto wanne auzaye ndizi sokoni. Kwa kuwa alikuwa hodari, kila lilipotokea jambo tulisema, “Mpeni mama, yeye anajua.” Nasi tukadhani tunamsifu.

Jioni moja alikuja kwangu amelowa chapachapa, akaliweka daftari mezani.

“Ndugu Mwenyekiti, wiki hii sikufungua meza yangu siku tatu. Mwanangu ameniuliza kama mimi ni mama yake au ni mama wa shule.”

Nikamwambia apumzike kidogo. Alipoondoka, mke wangu akauliza kutoka jikoni, “Na wewe, Mwenyekiti, ungepumzika nini?”

Katika kikao kilichofuata tuliandika ubaoni kila kazi na jina la anayeifanya. Jina la mhazini lilijaza ubao. Langu lilikuwa mahali pawili: kufungua kikao na kufunga kikao. Watu walicheka, nami nikacheka, ingawa changu kilikuwa cha mdomoni tu.

Tukagawana wawili wawili, kwa zamu ya muhula mmoja. Mhazini akabaki na fedha na hesabu. Kununua kukaenda kwa wengine, jambo ambalo hata kwa usalama wa fedha lilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Seremala mmoja alichukua kuni, na kabla ya wiki kwisha akawa amejenga kibanda cha mabati chakavu cha kuzihifadhi. Miaka miwili hatukukiwaza kibanda hicho, maana aliyekuwa na kazi ya kuni hakuwa na nafasi ya kuwaza.

Kazi moja ilikosa mtu: kuwatembelea wasioleta. Nikaichukua mimi.

Nyumba ya kwanza katika orodha ilikuwa ya mjane mmoja, ambaye muhula uliopita jina lake lilikuwa na alama ya kulipa. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akasikiliza hadi mwisho.

“Kwani mhazini hakukuambia, baba?” akasema. “Debe langu alikuwa akilitoa yeye.”