Ubao wa Mlangoni

Maji ni mgeni asiyekuwa na adabu. Ukimwita wakati wa kiangazi haji, na usipomwita huingia nyumbani bila kubisha hodi, akakaa kitini, akalala kitandani, na aondokapo hukuachia tope kuwa ndiyo shukrani yake. Wewe msomaji, kama kwenu ni mlimani, yamkini unayajua maji kuwa ni kitu cha kufuatwa mtoni kwa ndoo. Sisi tunaokaa katika uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, tunayajua pia kuwa ni kitu kinachotufuata sisi.

Sababu yake si uchawi wala laana. Mto Nyando hushuka kutoka nchi ya juu ya Nandi na Kericho, ambako mteremko ni mkali na maji hukimbia kwa nguvu yakichukua udongo mwingi. Yafikapo uwandani, nchi huwa tambarare kama meza. Maji hupunguza mwendo, nao udongo uliochukuliwa hutua chini na kuinua kitako cha mto. Mto ambao kitako chake kimeinuka hauna budi kumwagika kandokando. Tena udongo wetu ni mfinyanzi mweusi: ukisha kushiba, haunywi hata tone moja zaidi. Kwa hiyo hutokea mara nyingi kwamba mvua imenyesha kwa wengine mlimani, nasi uwandani tumeanika nguo juani, kisha usiku tukaamshwa na sauti ya maji.

Wazee wetu waliyaona hayo. Mvua kubwa za 1961 hazikusahaulika. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kisha mwezi wa Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya nzima na kuwaondoa maelfu makwao. Jambo linalorudi namna hii haliitwi ajali. Linaitwa desturi ya nchi, na mwenye akili hujifunza desturi ya nchi anayokaa.

Baada ya maji ya 2024 kuondoka, nilimwendea fundi seremala wa sokoni nikamwomba anitengenezee kinga ya mlango. Alikaza vyuma viwili vyenye mfuo katika miimo ya mlango, kimoja kila upande. Akachonga mbao nne za mbao ngumu, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 15, ambazo huteremshwa katika mfuo huo, moja juu ya nyingine, hata zikawa ukuta wa sentimita 60. Chini ya kila ubao alipigilia ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya lori, ili mpira ujibane na kuziba mwanya. Kabari mbili za mti hukaza kazi yote. Mtu mmoja aweza kuiweka kinga hii kwa muda mfupi kabisa, na maji yakisha kupungua huitoa, akaiosha, akaianika kivulini, akaihifadhi darini mpaka siku nyingine.

Utauliza: kwa nini nisitumie magunia ya mchanga, ambayo kila mtu anayajua? Magunia ni mazuri, na asiyekuwa na mbao ayatumie. Ayajaze nusu au zaidi kidogo tu, yasifure, kisha ayapange kama matofali, kila gunia likilalia maungio ya yale ya chini. Lakini magunia ni mazito, huhitaji watu wengi na saa nyingi, nayo mafuriko hayangoji. Zaidi ya hayo, maji ya mafuriko hupita katika vyoo vya shimo na mazizi; gunia likisha kuyanywa huwa ni uchafu wa kutupwa. Ubao huoshwa ukatumika tena.

Na usidhani kwamba hii ni akili ya kijijini tu. London, mji mkubwa wa Uingereza, hulindwa tangu miaka ya 1980 na malango makubwa ya chuma yaliyowekwa katika mto Thames. Malango hayo hulala chini mpaka hatari ije, ndipo huinuliwa. Katika mji wa Prague, mafuriko ya 2002 yalipokuja, sehemu ya mji wa kale iliokolewa na kuta za chuma za kuunganisha na kutenganisha, ambazo hutolewa ghalani siku ya haja. Wazo ni lilelile la fundi wetu, ila mfuko wao ni mkubwa kuliko wetu.

Sasa nikuonye, maana kinga isiyojulikana mpaka wake ni mtego. Chukua kalamu uhesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Mlango wenye upana wa mita 1, maji yakiwa yamesimama nje kwa kimo cha sentimita 60, husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 180. Kimo kikiwa sentimita 120, utadhani nguvu itakuwa maradufu; la, huwa kilo 720, yaani mara nne. Na mzigo huo hausukumi mlango peke yake, husukuma na ukuta. Ndiyo maana nilimkataza fundi kuongeza ubao wa tano. Maji yakipita kimo cha mbao zangu, yaingie: afadhali tope sakafuni kuliko ukuta kuwaangukia watoto. Na kabla hayajafika hapo, swichi kuu ya umeme imezimwa, nasi tumekwisha kwenda mahali pa juu. Ubao ni wa kulinda vitabu, unga na magodoro. Roho hulindwa kwa kuondoka mapema.

Lakini jambo lililonifunza zaidi halikuwa la mbao. Jirani yetu mmoja, mtu mwenye bidii, alizungushia boma lake tuta la udongo kufika kifuani. Mvua zilipokuja, uwanja wake ulibaki mkavu. Ila maji yaliyozuiwa pale yaligeuka yakashukia nyumba ya mama mjane aliyekaa upande wa chini, yakachukua kuku na mtama wake wote. Mama huyo alinijia, kwa kuwa namfundisha mjukuu wake, akasema, "Mwalimu, maji hayakunionea. Aliyenionea ni yule aliyeyaonyesha njia."

Shauri likapelekwa barazani kwa naibu wa chifu. Jirani alijitetea kwa uchungu: "Je, nibomoe tuta langu nizame na wanangu?" Wala hakuwa mtu mbaya, hofu yake ilikuwa ya kweli. Wazee wakatafakari, wakaona tofauti ambayo sisi tuliosoma tulikuwa hatujaisema. Tuta linalozunguka uwanja mzima huyanyima maji nafasi kubwa, nayo lazima yaitafute kwingine. Ubao wa mlangoni huzuia nafasi ya nyumba tu, na siku za kawaida haupo kabisa. Uwanja hubaki kuwa njia ya maji kama ulivyokuwa tangu zamani. Ikaamuliwa tuta livunjwe, mfereji uchimbwe mpakani kuelekea kinamasini, na nyumba ya jirani, iliyokuwa ya tofali, itiwe mbao kama zangu. Nyumba ya mama ni ya udongo, na ukuta wa udongo hulowa hata mlango ukizibwa. Kwa hiyo udongo wa tuta lililovunjwa ulibebwa kwa toroli ukashindiliwa kuwa kilima kidogo cha ghala lake. Jirani hakufurahi siku ile. Lakini alisukuma toroli pamoja nasi mpaka jua likachwa.

Basi, msomaji wangu, kama kwenu maji hufika, anza wakati wa kiangazi. Pima alama ya tope ukutani ujue kimo chake. Tazama ni wapi yapitapo, wala usijenge wala usitupe taka katika njia hiyo. Tengeneza kinga utakayoweza kuiinua kwa mikono yako, uijaribu mvua ingali mbali. Kisha simama mlangoni pako utazame upande wa chini, ujiulize maji utakayoyakataa yatakwenda kwa nani. Ukiwa na jibu utakaloweza kumwambia mtu huyo usoni, piga msumari.