Kila Neno na Zamu Yake

Mpwa wangu Rehema,

Sisi huku Kariakoo hatujambo. Mama yako kaniambia umeanza darasa la Kichina na tayari toni nne zimekutia hofu. Toni na herufi mwalimu wako atakusimamia. Mimi niliyejifunza kwa kubishana bei Guangzhou nina usia mmoja tu: shika mpangilio wa maneno.

Kiswahili chetu hukibebesha kitenzi kila kitu. "Nitakununulia" ni neno moja, lakini ndani yake yumo mtendaji, yupo mtendewa, na wakati umo. Mchina huyafungua yote hayo na kuyapanga moja moja: wǒ huì gěi nǐ mǎi. Hicho kitenzi mǎi hakibadiliki, anunue mmoja au wanunue kumi, iwe leo au mwaka jana. Kwa kuwa hakuna viambishi vya kutuonyesha nani katenda na nani katendwa, kazi hiyo hufanywa na nafasi. Wǒ ài tā ni "nampenda". Tā ài wǒ ni "ananipenda". Maneno ni yale yale.

Basi ione sentensi kama foleni: mtendaji, wakati, mahali, kitenzi, kisha kitendwa. Sisi tunasema "Nitanunua nguo Guangzhou kesho", na hiyo "kesho" tunaiweka popote. Wao: Wǒ míngtiān zài Guǎngzhōu mǎi yīfu. Neno la wakati laweza hata kumtangulia mtendaji, míngtiān wǒ, ila usiliburure hadi mwisho wa sentensi. Ukifanya hivyo wataelewa, lakini watajua unatafsiri kichwani.

Kwenye umilikaji, geuza kabisa. "Rafiki wa mama yangu" ni wǒ māma de péngyou: anaanza "mimi", anafuata mama, rafiki anakuja mwisho. Ukikosea ukasema péngyou de māma, umemtaja mama wa rafiki, mtu mwingine kabisa. Sifa nazo hutangulia: kitabu kipya ni xīn shū.

Mahali pengine Kiswahili kitakubeba. Sisi huuliza "Unakwenda wapi?" na neno la kuuliza likabaki pale pale jibu litakapokaa. Wao vivyo hivyo: Nǐ qù nǎr? Jibu: Wǒ qù Běijīng. Kwa swali la ndiyo au hapana, ongeza ma mwishoni, usiguse kingine: Nǐ máng ma? ni "Una shughuli?" Na aliyekulia kwenye ngeli hatatishwa na viainishi vinavyokaa kati ya namba na nomino: sān ge rén, watu watatu, liǎng běn shū, vitabu viwili.

Jihadhari na le. Wengi huambiwa ni alama ya wakati uliopita, wakaibandika kila mahali. Ifikirie kama "-sha-" yetu, ya jambo lililokamilika, hata kama ni la kesho: Wǒ míngtiān chīle fàn jiù qù, "Kesho nikishakula nitakwenda." Kukanusha nako kuna njia mbili: wǒ bù chī ni "sili", wǒ méi chī ni "sikula" au "sijala". Na ukichoka sema wǒ hěn lèi. Usiingize shì ("ni") hapo, kwani hiyo huunganisha nomino na nomino.

Usikariri neno likiwa peke yake. Chukua kitenzi kimoja, ukirefushe kwa sauti: Wǒ mǎi. Wǒ mǎi yīfu. Wǒ zài Guǎngzhōu mǎi yīfu. Kisha ingiza míngtiān mahali pake. Ulimi ukizoea foleni hiyo, maneno mapya yataingia yenyewe.

Katika jibu lako niandikie sentensi tano za namna hiyo kwa pinyin, yaani kwa herufi za Kilatini kama nilivyoandika hapa, na toni zote juu yake. Zenye makosa nitakurudishia uziandike upya.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mjomba wako,
Hamisi