Mama Mkwe, Mimi na Paka Mweusi

Kuna mambo ambayo wachumba huulizana kabla ya ndoa: watoto wangapi, tutaishi wapi, pesa nani atazishika. Paka hayumo kwenye orodha hiyo. Mpenzi msomaji, nakushauri umwongeze! Ukioana na mtu wa upande mwingine wa nchi, mnyama yule yule mwenye masharubu anaweza kuwa baraka kwako na mkosi kwa mwenzio.

Mimi ni binti wa Tanga. Kwetu paka ni mtu wa nyumbani. Anazurura kwenye samaki sokoni, analala barazani, anaingia hata msikitini na hakuna anayeshtuka. Tulikua tukisimuliwa habari za Abu Huraira, sahaba wa Mtume, ambaye jina lake maana yake ni baba wa paka mdogo, na za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Wazee nao walikuwa na methali yao: paka wa nyumba haingwa. Yaani, mwenye kwao hafukuzwi.

Mume wangu ni wa Ruanda. Si ile nchi, jamani! Ruanda ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye kahawa na mahindi. Alikokulia yeye, paka ana kazi moja, kukamata panya, na sifa moja mbaya: akionekana usiku juu ya paa, mweusi, macho yanawaka, basi kuna mtu kamtuma. Hadithi hizo hata pwani zipo, ila kwetu hazikumtoa paka sebuleni.

Tulipohamia Ruanda baada ya harusi, panya ndio waliotupokea. Magunia ya mahindi yalitobolewa moja baada ya jingine. Sumu tuliiogopa kwa sababu ya kuku na watoto wa majirani. Na panya hawali mahindi tu. Mwaka 2022, kule Ruangwa mkoani Lindi, homa ya mgunda iliua watu, na panya ni miongoni mwa wanyama wanaobeba vijidudu vyake. Nikaleta paka. Mweusi tii! Ndiye aliyepatikana. Tukamwita Nyau, na baada ya miezi miwili stoo ilikuwa kimya.

Kasheshe ilianza nilipopata ujauzito. Mama mkwe alikuja kutusalimia, akamkuta Nyau kajikunja kwenye kochi. Akasema taratibu, "Mwanangu, huyu na mtoto mchanga hawakai nyumba moja." Nikamtazama mume wangu. Kimya! Maneno ya mama niliyavumilia, lakini ule ukimya wake uliniuma.

Tukapeleka swali kliniki. Muuguzi hakutucheka. Alisema hatari ipo, ila si ile inayosemwa mtaani. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kimelea kinachoitwa toksoplasma, ambacho kikimpata mama kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kimelea hicho hicho hupatikana kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Mjamzito asiguse kinyesi, mtu mwingine akizoe kila siku, kwa kuwa kimelea huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mikono ioshwe kwa sabuni, nyama iive. Na paka achanjwe kichaa cha mbwa, maana naye hukipata.

Tangu siku hiyo kazi ya kuzoa ikawa ya mume wangu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mashosti wanahesabu maua ya Valentine. Mimi nilikuwa namwangalia mwanaume anayezoa mavi ya paka kwa ajili yangu, nikasema hapa nimefika!

Mama, hata hivyo, hakutulia. Jioni moja tukichambua maharage akaniambia, "Paka simwogopi mimi. Naogopa midomo ya watu." Akanisimulia habari za bibi mmoja mjane, enzi za usichana wake, aliyefuga paka watatu kwa upweke. Mtoto wa jirani alipofariki, watu hawakuuliza kama ni malaria. Waliuliza paka. Bibi yule alihama usiku, hakurudi tena. "Wewe ni mgeni hapa," mama akasema. "Wataanza na paka, watamalizia na wewe."

Usidhani hofu hii ni ya kwetu tu. Japani leo ndiko paka anakopendwa kupita kiasi. Paka wa kauri aliyeinua mkono anawekwa dukani ili aite wateja. Mwaka 2007 paka aitwaye Tama alifanywa mkuu wa stesheni ya Kishi, mkoani Wakayama, akavalishwa kofia, na watu wakapanda treni kwenda kumwona hadi alipokufa mwaka 2015. Kisiwani Tashirojima paka walitunzwa wawalinde viwavi wa hariri dhidi ya panya, kama Nyau na mahindi yetu. Lakini Wajapani hao hao walisimuliana kwa karne nyingi juu ya bakeneko, paka mzee anayegeuka jini na kujifanya binadamu. Mapenzi na hofu vililala nyumba moja.

Kwetu, aliyevunja ukimya ni mume wangu. Alimwambia mama yake, kwa adabu na mbele yangu, "Mama, katika nyumba hii akisemwa mmoja, tumesemwa wote." Mama akafikiri, kisha akatoa masharti yake: paka asiingie chumba cha mtoto, mlango ufungwe, kitanda kiwe na neti. Yalikuwa masharti ya busara, tukayakubali bila ubishi.

Kwa hiyo, wapenzi, mkikorofishana kuhusu paka, mbwa au hata pazia, ulizaneni kwanza kila mmoja anaogopa nini. Mara nyingi kuna kingine kabisa.

Binti yetu sasa ana miaka miwili. Mama hajamshika Nyau hata siku moja. Ila juzi, kwenye foleni ya maji bombani, jirani aliuliza kwa sauti yule paka mweusi ni wa nani. Mama mkwe akatua ndoo yake. "Ni wa kwangu," akajibu. "Kwani una panya, nikuazime?"