Ua la Manjano Litambaalo

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, akitazama tembo na twiga kando ya lami. Akitoka humo huingia katika mji mdogo wa Mikumi, wenye nyumba za wageni, magari ya mizigo na vumbi jingi. Hapo ndipo tulipoliona, mbele ya nyumba moja ya wageni: zulia la majani mabichi lililotiwa nakshi ya maua ya manjano, mfano wa alizeti ndogo, nalo lastawi katika udongo uliozishinda nyasi.

Watunza bustani wengi huliita Wedelia, jina lake la zamani. Wataalamu wa mimea sasa huliandika Sphagneticola trilobata. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Mwenye kulitaka hana haja ya kununua mbegu. Hukata shina lenye urefu wa shubiri moja, akazika vifundo viwili, na kipande cha pili akakipanda umbali wa dhiraa. Wakati wake ni masika. Juani hutoa maua mengi, kivulini huwa majani zaidi. Miezi ya mwanzo lataka palizi, kisha lenyewe huyafunika magugu.

Kila kifundo kigusacho ardhi huota mizizi, na kwa hiyo hushika vyema udongo wa mtelemko. Lakini hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limelitia katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya kabisa duniani, maana kipande kidogo chenye kifundo chatosha kuanzisha zulia jingine, na zulia hilo huisonga mimea ya asili. Kwa watu wa Mikumi hili si jambo la mbali. Jirani yao ni Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230, na nyasi zake ndizo chakula cha nyati, pundamilia na nyumbu.

Kutoka hapo tulishika njia ya kaskazini, tukapita kijiji kiitwacho Ulaya (msomaji asidhani tulivuka bahari), hata tukawasili Kilosa. Huu ni mji uujuao mto wake. Mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu reli na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Mahali kama hapa, atupaye mtaroni vipande vya ua hili ameukabidhi mto, nao huvichukua mpaka uwanda wa Mkata na mto Wami.

Rai yetu ni kuwa kingo za mto ziachiwe matete. Ua hili lipandwe uani, palipozungushiwa sementi au mawe, na kila mwezi likatwe linapotaka kuvuka.

Mama mmoja wa Kilosa alituonyesha desturi yake. Alikatalo hulianika juu ya bati siku kadhaa, mpaka mashina yavunjike kwa mlio, ndipo hulichoma. Jirani aliyekuja kuomba miche alipewa, lakini kwanza aliulizwa mtaro wake waelekea wapi.