Jumatatu ya Magokoro

Kwetu Manga mtoto hugundua mapema kwamba neno moja laweza kuwa na nyumba mbili. Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, baba ni mama. Mzazi wa kike tunamwita baba, wa kiume tunamwita tata. Kisha mtoto anaanza shule, anafunguliwa kitabu cha Kiswahili, anaoneshwa picha ya mwanamume na kuambiwa: huyu ni baba. Anakaa kimya kidogo. Jioni anarudi nyumbani, anamkuta baba wa Ekegusii jikoni akichambua chinsaga, na maisha yanaendelea. Mtego huo karibu sote tuliuvuka salama, kwa kuwa tulikuwa wadogo na hakuna aliyetegemea tafsiri yetu.

Ulioninasa mimi ni mwingine, na ulikuwa na herufi tatu tu.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili. Nyumba zetu zimeshikilia mteremko chini ya ukingo wa Manga, ule ukuta wa mawe ambao ukisimama juu yake siku isiyo na ukungu unaziona nyanda za chini hadi Ziwa Victoria linapong'aa. Ni mahali pazuri kwa macho na pagumu kwa miguu. Mvua ikinyesha, udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni. Asubuhi moja Magokoro, ndivyo tunavyomwita bibi mzaa baba au mama, alikuwa akipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani. Akateleza. Mfupa wa muundi ukavunjika.

Wanaume wa kijijini wakamfungia machela ya miti na mablanketi, wakampandisha hadi barabarani, na kutoka hapo tukampeleka hospitali mjini. Mimi nikaachwa naye. Mama na shangazi walikuwa na majani ya chai ya kuchuma na watoto wa kulisha. Nami nilikuwa msomi wa nyumba. Magokoro alijua Ekegusii tu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei ya ndizi na kuikataa.

Alhamisi daktari alipita wodini. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, Kiswahili chake kikiishia kwenye salamu. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa kwingine. Daktari akautazama mguu, ambao ulikuwa umevimba hadi ngozi ikang'aa, akaubonyeza taratibu kwa kidole, kisha akanigeukia mimi niliyevaa sare ya shule. Akasema polepole, kwa upole, akihakikisha kila neno limenifikia: "We'll have to put it off till Monday."

Maneno yote niliyajua. "Put" nilikuwa nikiiandika tangu shule ya msingi. "Monday" ni Jumatatu. Na "off" ilikuwa ile iliyoandikwa kwenye redio ya nyumbani, ambayo ukiigusa sauti inakatika. Ile ya kuzima, ya kuondoa, ya kutoa. Daktari akasubiri kidogo. Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda kitanda cha pili.

"Amesema nini?" Magokoro akauliza.

"Amesema wataondoa. Jumatatu."

Alinitazama muda mrefu. "Wote?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa daktari hakuwa amesema lolote kuhusu wote au nusu. Nilijua kwamba sijui. Nakumbuka waziwazi kujua huko, kulikuwa kama baridi tumboni. Lakini nilikuwa msomi wa nyumba. Nikanyoosha mkono, nikaugusa mguu wake chini kidogo ya goti. "Hadi hapa," nikasema.

Nimefundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na nimesahihisha makosa mengi ya "off" na "up" na "out" kuliko niwezavyo kuhesabu. Kosa la tafsiri nimejisamehe. Mkono ule uliogusa chini ya goti bado haujanitoka.

Magokoro hakulia. Ijumaa shangazi alipoleta uji, alimwagiza kikapu chake cha kuchumia chai apewe binamu yangu mkubwa, kwa kuwa yeye hatapanda tena kule shambani. Jumamosi aliniuliza kama mguu huo huzikwa au hutupwa. Nikasema nitauliza. Sikuuliza. Jumapili jioni aliniomba nitafute maji ya moto. Akasema: "Mwana one," yaani mwanangu, "uoshe." Nikamwosha mguu ule kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, nikizunguka pale palipovimba, naye akawa anausimulia. Mguu huu, akasema, ulikuwa ukitoka Manga alfajiri na kufika soko la Kisii jua likichomoza, na mkungu wa ndizi mgongoni, kabla hujazaliwa, kabla gari halijafika kwetu. Umezunguka vilima hivi vyote. Kisha akaniomba niupake mafuta.

Jumatatu asubuhi muuguzi, mama mmoja wa makamo, akaja na karatasi ya kutia kidole gumba. Akaeleza kwa Ekegusii kilicho sahihi: Alhamisi uvimbe ulikuwa mkubwa mno, ndiyo maana upasuaji ukaahirishwa, sasa uvimbe umepungua, wataufungua mguu, watauunga mfupa kwa chuma na kuufunga. Magokoro akauliza, "Na kukata?" Muuguzi akashangaa. "Kukata nini, mama? Nani amekwambia habari ya kukata?"

Nilisimama kando ya kitanda nikitamani sakafu ipasuke. Magokoro hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Nilisikia vibaya mimi. Masikio yamezeeka." Akatoa kidole gumba.

Kijineno kile kimenisumbua nikiwa mwanafunzi na kimenisumbua nikiwa mwalimu. Vitenzi vya aina hii, mimi huwaambia wanafunzi wangu ni vitenzi vyenye mkia: unakijua kitenzi, unaujua mkia, lakini mnyama mzima humjui. Kengele ikilia, Mwingereza husema "it went off". Taa ikizimika, "it went off". Maziwa yakiharibika, "it went off". Kitenzi kilekile, mkia uleule. Kitu kimoja kinaanza kupiga kelele, kingine kinanyamaza, cha tatu kinanuka. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba hapa ndipo wageni hupata shida kubwa kuliko zote. Nilipoisoma dibaji hiyo nikiwa chuoni nilihisi kama mtu amenishika bega.

Miaka michache iliyopita nilimfundisha Kiingereza mtawa kutoka Kolombia aliyetumwa kuhudumu upande wetu. Lugha yake ni Kihispania. Nilidhani yeye, akitoka kwenye lugha ya Ulaya, angeteleza kwenye matope haya bila kuchafuka. La hasha. Aligonga mawe yaleyale niliyogonga mimi, na siku moja tukakaa kutafuta sababu. Tukaandika ubaoni kwa safu: Kiingereza husema "go up", Kihispania husema "subir", Kiswahili kupanda, Ekegusii korina. "Go out": "salir", kutoka, gosoka. "Go in": "entrar", kuingia, gosoa. Sista akaiangalia safu ile, akacheka kwa furaha. Yeye na sisi tulikuwa upande mmoja wa mto! Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy amelieleza jambo hili: ziko lugha zinazoweka njia ya mwendo ndani ya kitenzi chenyewe, kama Kihispania, na ziko zinazoiacha nje, kwenye kijineno kinachofuata, kama Kiingereza. Mtu wa Bogotá na mtu wa Manga wote wawili wamezoea kitenzi kinachobeba mzigo wake mwenyewe. Wakikutana na kitenzi kinachoupa mkia mzigo, hutazama mahali pasipo.

Si kwamba lugha zetu ni nyepesi kwa mgeni. Sista aliwahi kuniuliza, akiwa amechoka, kwa nini Waswahili wanapiga kila kitu: wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga deki, wanapiga picha, na mtu akitaka kujikaza anaupiga moyo konde. Nikamwambia asubiri afike kwenye kula: kula kiapo, kula njama, kula chumvi nyingi. Nasi tuna silabi zetu ndogo zinazogeuza dunia. Anayekimbia anaondoka kwenye hatari. Anayekimbilia ana mahali anapopatamani. Kuhama na kuhamia ni safari moja, ila mmoja anatazama nyuma na mwingine mbele. Silabi moja tu. Mgeni asipoisikia, hajui kama anayeongea naye amefiwa na mahali au amepata mahali.

Lakini lililonigusa zaidi kwa Sista ni jingine. Yeye neno zito la Kiingereza halikumpa taabu. "Postpone" alilielewa mara moja, kwa kuwa kwao ni "posponer". "Tolerate" ni "tolerar", "discover" ni "descubrir". Shida ilikuwa kwa ndugu zao wadogo: "put off", "put up with", "find out". Historia ya Kiingereza ndiyo iliyofanya hivyo. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baadaye Kifaransa kikawa lugha ya watawala, Kilatini kikiwa lugha ya kanisa na wasomi. Maneno yao yakamiminika kwenye Kiingereza kupitia mahakama na vitabu, ilhali jikoni watu wakabaki na maneno yao mafupi ya asili. Hadi leo Mwingereza akitaka kuwa rasmi hupanda kwenye maneno ya Kilatini, na akitaka kuwa mpole hushuka kwenye yale ya jikoni.

Ndipo nikamwelewa daktari wangu, zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa nimeshika chaki.

Mimi kama Sista nilikiingia Kiingereza kwa mlango wa kitabu. "Postpone" nililijua. Lilikuwa kwenye tangazo la shule kila mechi ilipoahirishwa kwa mvua. Lau daktari angetumia neno hilo, ningelitafsiri sawasawa na Magokoro angelala usiku ule. Lakini aliona mvulana wa kijijini, kaptura ya shule, viatu vyenye matope, akachagua maneno madogo ili asinichoshe. Alinihurumia. Na huruma ile ilimfikia bibi yangu ikiwa msumeno. Hakuna aliyekusudia ubaya katika chumba kile: daktari alirahisisha, mimi nilitaka kusaidia, Magokoro aliniamini. Siku nne za hofu zilitengenezwa na watu watatu wanaotakiana mema.

Kwa hiyo darasani ninaogopa sana maneno madogo, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wanafunzi. Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huweza kuwataka wabadilishe neno lililopigiwa mstari kwa kitenzi chenye mkia, nao hukariri orodha ndefu usiku kucha kama nilivyokariri mimi. Wengine hupata alama zote. Nami hufurahi, halafu huwauliza swali lisilo kwenye mtihani: ukilisikia neno hili na huna hakika, utafanya nini? Wananiangalia kama naongea Kichina. Mtihani hauna mahali pa kuandika "sijaelewa, tafadhali rudia". Ukiacha pengo unapata sifuri, ukikisia unaweza kubahatisha, na kwa hiyo tunawafundisha tangu utotoni kuziba kila pengo. Mkono wangu uliogusa chini ya goti la Magokoro ulikuwa umefundishwa vizuri sana.

Sista hakuwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye elimu kubwa kwao, na neno lisipomwelea aliinua kiganja kama askari wa barabarani na kusema, "Simama, Mwalimu. Hapo sipo." Alisema hivyo kwangu, kwa padri, kwa muuza nyanya. Nilimwonea wivu. Nilimsimulia habari za Magokoro jioni moja baada ya somo, akanisikiliza mpaka mwisho, na alichouliza ni kama nilirudi kwa daktari.

Nilirudi, au tuseme daktari ndiye aliyerudi. Ilikuwa Jumanne, siku moja baada ya upasuaji. Muuguzi hakuwapo tena. Daktari akaangalia bendeji, akaangalia rangi ya vidole, akaridhika. Akaniambia, kwa upole uleule, kwamba Magokoro "will be getting about by Christmas". "Get" nilijua ni kupata. "About" nilijua ni kuhusu. Magokoro alikuwa ananitazama, akisubiri, akiniamini kama zamani, na hilo ndilo lililonivunja. Nikamwambia daktari, "Sir, I don't understand."

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, kisha akainama, akaweka vidole viwili kwenye shuka jeupe karibu na mkono wa Magokoro, akavitembeza. Polepole kwanza, kimoja kikichechemea, kisha haraka haraka, vikapanda kilima cha blanketi juu ya magoti yake na kushuka upande wa pili.

Magokoro aliangua kicheko kabla sijafungua mdomo.