Ile Moto Itapanda Ndege?

Huku Nakivale, ukitaka kujua mtu anafikiria kuondoka lini, angalia anachonunua. Anayesubiri kuitwa hununua simu, sanduku la magurudumu, koti zito la mitumba ambalo hapa hana siku ya kulivaa. Hapandi mwembe. Hamwagi sementi sakafuni. Kesi ya familia yetu imekuwa kwenye mstari tangu nikiwa shule ya sekondari, na mimi mwaka 2023 nilinunua moto. (Sisi tuliotoka Kivu tunasema moto. Wenyeji wetu hapa wanasema boda hata kama haibebi abiria, na kitabuni ni pikipiki. Mtanisamehe, nitaandika kama tunavyosema nyumbani.)

Yenyewe ni Yamaha DT125. Ninyi wa mashirika mnaijua, wengi wenu mlianza kazi juu yake kabla hamjapewa gari. Ni nyembamba, ndefu kwenda juu, na nyepesi kiasi kwamba ikikuangukia kwenye matope unaweza kuinyanyua peke yako bila kuita watu. Gurudumu la mbele ni inchi 21, la nyuma 18. Boxer za steji zina magurudumu ya inchi 17, ndiyo maana Boxer ikiingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua inazama humo, wakati DT inapita juu yake kama mtu mwenye miguu mirefu. Bomba la moshi limepandishwa juu, karibu na goti, kwa hiyo maji ya dimbwi hayaliingii. Ni moto ya barabara na ya porini kwa pamoja, na barabara zetu hizi za kwenda Rubondo na Juru, kusema kweli, ni hivyo hivyo, nusu barabara nusu pori.

Sikuinunua kwenye mnada mwenyewe. Shirika moja liliuza moto zake za zamani, kijana mwenyeji akachukua mbili, moja akaniuzia mimi kwa milioni mbili na laki nne. Hela hiyo ilikuwa posho yangu ya miaka miwili ya kazi ya vijana, pamoja na mbuzi wawili. Tuliandikiana karatasi, mwenyekiti wa LC1 akashuhudia na kugonga muhuri, nikapewa na kitabu cha moto. Karatasi ile naiweka ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya familia. Ni kitu cha kwanza chenye muhuri nilicho nacho ambacho hakisemi mimi ni mkimbizi. Kinasema mimi ni mnunuzi.

Sasa, nembo. Shirika lilikuwa limebandua stika kabla ya kuuza, lakini jua la miaka mingi lilikuwa limekwisha kuchora. Pale palipokuwa na stika, rangi ilibaki nzito. Pembeni ilikuwa imepauka. Kwa hiyo nembo ilionekana bado, kama alama ya saa mkononi mwa mtu aliyeivua. Wiki mbili za kwanza nilisimamishwa kila nilipopita. Mzee mmoja alinionyesha barua ya mwaka juzi akiuliza kama jina lake limetoka. Mama mmoja alitaka nimwandike kwa ajili ya mablanketi. Niliwaambia mimi ni kijana tu wa hapa Base Camp, hawakuamini, walidhani nawakwepa. Mzee aliniambia, “Mwanangu, hata ninyi mmeanza kutukana?” Akimaanisha kumkana. Siku ya pili yake nilinunua kopo la rangi ya bluu. Kazi ya kwanza niliyoifanyia moto ile haikuwa ya injini. Ilikuwa ni kufuta jina la watu wengine.

Mama yangu alikasirika kwa rangi kuliko kwa moto. Moto, alisema, inaweza kuuzwa. Lakini unapoanza kuipaka rangi unayoipenda wewe, unakuwa umeamua kukaa. Alisimama mlangoni akaniuliza: “Mutoto wangu, ile moto itapanda ndege?”

Sikuwa na jibu, na sikuwa nabishana naye. Mama amekimbia mara tatu katika maisha yake. Anajua bei ya kila kitu ambacho mtu hawezi kukibeba kichwani.

Lakini moto isipogeuzwa ikafaa mahali, haifai. Fundi wetu, mzee aliyekuwa na karakana Uvira na sasa ana mti na boksi la spana karibu na soko, aliniambia hivyo siku ya kwanza. Moto ya mnada, alisema, ni kama nguo ya marehemu, lazima ikatwe upya.

Alianza na pampu ya oili. DT ni injini ya mizunguko miwili, maana yake oili yake haikai chini kama kwenye Boxer. Inaungua pamoja na petroli. Yamaha waliweka kitangi cha oili pembeni na pampu ndogo inayoipeleka yenyewe. Ni kitu kizuri sana kikiwa kipya. Kikizeeka, tatizo lake ni ukimya. “Pampu ikikufa haikuambii,” fundi alisema. “Unaendesha, unaimba, na pistoni inakauka. Halafu inagandana na silinda, gurudumu la nyuma linasimama ghafla, na wewe unaendelea na safari bila moto.” Tukaitoa. Tukaziba tundu lake kwa kipande cha bati na gasketi tuliyoikata kwenye boksi la viatu. Tangu siku ile nachanganya mwenyewe kwa mkono, nusu lita ya oili kwa lita 15 za petroli, ndani ya jerikani, natikisa kabla ya kumimina. Petroli ya kwenye chupa za barabarani siitaki tena isipokuwa shida imenishika, kwa sababu hujui kilichomo. Kila jerikani nimeiandika kwa wino kama imechanganywa au bado. Vijana wangu wananicheka kwa hilo. Wacheke.

Pili, sproketi ya nyuma. Tuliweka kubwa zaidi, imezidi ile ya zamani kwa meno matatu, na cheni ikabidi iongezwe. Moto ilipoteza mbio ikapata nguvu. Kilima nilichokuwa nakipanda kwa gia ya kwanza huku injini inalia, sasa nakipanda na gia ya pili, nimebeba spika na mipira minne. Kwenye lami ya kwenda Mbarara kila mtu ananipita, hata mabasi mabovu. Sijali. Kazi yangu haiko kwenye lami.

Tatu ni chujio la hewa, na hapa wasomaji wenye moto nisikilizeni kidogo. Kiangazi chetu ni vumbi. Vumbi likipita kwenye chujio linakuwa msasa ndani ya silinda. Chujio la DT ni sponji, linafuliwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kulitupa. Lifue na petroli, likamue bila kulisokota, likauke, kisha lipake oili kidogo na ulikamue tena. Mimi kiangazi nafanya kila wiki. Na juu yake navika soksi ndefu ya kike, ile nyembamba, inakamata vumbi la kwanza. Dada yangu mdogo alitafuta soksi zake za kanisani mwezi mzima kabla ya kugundua.

Mengine nitayapitia haraka. Keria ya nyuma tulichomelea kwa nondo. Kiti nilipunguza sponji kwa sababu mimi si mrefu, na kwenye utelezi lazima miguu yote miwili ifike chini. Matairi ni ya meno makubwa, na msimu wa mvua napunguza upepo kidogo ili yashike. Pampu ya mkono, viraka na spana tatu haviondoki kwenye moto hata nikienda kununua chumvi.

Kazi yangu ni vikundi vya vijana. Mazoezi ya mpira, maigizo, mazungumzo kuhusu ndoa za mapema na pombe za viroba. Zamani nilikwenda vijiji vya mbali mara moja kwa mwezi, kwa sababu nauli ya boda ilikula posho. Kijana akikuona mara moja kwa mwezi wewe ni mgeni, anakupa majibu ya mgeni. Anakwambia warsha ilikuwa nzuri. Nilipoanza kufika kila wiki, na wakati mwingine kufika nimechafuka mpaka kwenye nyusi, ndipo walipoanza kuniambia mambo. Wa kwanza hakuniambia akiwa amekaa kwenye duara la mazungumzo. Aliniambia akiwa ameshika tochi wakati naziba pancha.

Kutokana na hilo, Jumamosi ikawa siku ya moto chini ya mti wa fundi. Hakuna mradi unaolipia, na hakuna fomu ya mahudhurio. Wanakuja sita, saba, siku nyingine kumi na tano. Tunafungua kabureta juu ya kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee, tunasafisha buji kwa brashi ya waya, tunaangalia rangi yake. Buji ya kahawia, mchanganyiko ni sawa. Nyeusi yenye mafuta, oili imezidi au moto inavuta hewa kidogo. Nyeupe, hatari, injini inaungua. Kuendesha, simfundishi mtu asiyefika miaka 18, na simfundishi mtu bila kofia ngumu, hata akilia. Wasichana wawili wanafungua kabureta haraka kuliko mimi. Mmoja ana mtoto. Baba yake alikuja kuangalia ni kitu gani binti anafanya katikati ya wanaume na mafuta, akakaa juu ya tofali kama saa moja, akaondoka bila kusema neno. Jumamosi iliyofuata binti alikuja na jaketi la kazi la baba yake.

Halafu ikafika Januari 2025. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wasomaji wa hapa sina haja ya kuwaeleza siku zile. Kulikuwa na majirani waliokuwa wameshauza vitanda, masufuria, mpaka mlango. Familia moja ya mtaa wetu ililala sakafuni kwenye nyumba yao wenyewe kwa sababu kila kitu kilikuwa na mwenye jipya. Chakula nacho kilikuwa kimekwisha kupunguzwa, kwa wengine kikakatwa kabisa. Sisi hatukuwa na tarehe ya ndege, tulikuwa nyuma kwenye mstari, lakini mstari wenyewe ulisimama.

Kama mnategemea nitasema kwamba hapo mama alikubali nilikuwa sahihi, hapana. Alisema kinyume. Alisema sasa ndiyo hela inahitajika, na hela imesimama uani imefunikwa turubai. Na mwezi wa tano alikuja mfanyabiashara kutoka Mbarara, akaizunguka moto, akaipiga teke la kuwasha, ikaitika kwa mara moja. Akataja milioni tatu. Imezidi bei niliyonunulia. Dada yangu alikuwa amefukuzwa shule kwa ada ya muhula, na ada ile ingetoka kwenye hela hiyo ikabaki ya mihula mingine mingi.

Nililala na jambo hilo siku nne. Nilimwuliza fundi, akasema uza, injini hiyo itahitaji pistoni karibuni. Nilimwuliza mchungaji, akasema niombe. Dada mwenyewe sikumwuliza, kwa sababu ningemwuliza angesema usiuze, na angesema kwa ajili yangu.

Siku ya tano nilifunga makreti mawili kwenye keria nikaanza kubeba samaki kutoka ziwani, asubuhi saa kumi na moja, kabla ya kazi. Njia ya ziwani mvua ikinyesha Boxer hazifiki, au zinafika zimechelewa na samaki wamelainika. DT inafika. Mama mmoja muuzaji alinipa oda, akaniletea mwingine. Ada ililipwa kwa vipande vitatu, na mhasibu wa shule alilalamika kuhusu harufu ya noti. Moto sasa inanuka samaki, na vijana wameipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Bado sijui kama nilichagua vizuri. Milioni tatu ni milioni tatu. Kuna asubuhi ambazo mikono inakufa ganzi kwa baridi ya bonde, na nakumbuka kwamba ningeweza kuwa nimelala.

Mwezi uliopita mama aliumwa mgongo, nikampeleka kituo cha afya. Alikaa upande upande kama anavyokaa siku zote, ameshika koti langu kwa ngumi mbili. Tuliporudi hakuingia ndani. Aliizunguka moto kama yule wa Mbarara. Akasema keria ina makali, kanga inachanika, na hakuna mahali pa kushika. Akaenda mwenyewe kwa fundi kumwagiza achomelee mshikio upande wa kushoto, afunge na mpira juu yake. Fundi akataja elfu kumi na tano. Mama akasema ni wizi, wakamaliza kwa elfu nane, na kunisimamia deni hilo ni juu yangu.

Fundi alikuwa na haki kuhusu pistoni. Asubuhi injini ikiwa baridi inagonga, tik tik tik, mpaka ipate joto. Silinda itachongwa kwa mashine Mbarara na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata, imezidi robo milimita. Tulipoifungua tulikuta imeshachongwa mara mbili na wenyewe wa kwanza, kwa hiyo zimebaki mara mbili tu kabla chuma hakijawa chembamba. Nimeshaweka kando laki moja na elfu sabini. Jumamosi ijayo tunashusha injini chini ya mti, na yule binti mwenye jaketi ameomba yeye ndiye atoe kichwa cha silinda.