Gari-nyumba Hulala Wapi Theluji Ikianguka?

Askari aliyewahi kupewa uhamisho anajua uzito wa kufunga vyombo na kuitafutia jamaa yake mahali pa kulala. Huko Marekani na Kanada wako wazee wengi, baadhi yao askari wastaafu, ambao makao yao ni gari lenye vitanda, jiko, tangi la maji na choo. Wakati wa joto gari-nyumba hilo ni raha tupu. Majira ya baridi yakibisha hodi, huzuka swali zito: gari lilale wapi?

Njia ya kwanza ni kulilaza huko huko kaskazini. Katika jimbo la Minnesota baridi huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji yagandapo hutanuka kwa kadiri ya asilimia 9, na bomba lililoachwa na maji hupasuka. Mwenyewe hana habari mpaka theluji iyeyuke na maji yaanze kuchuruzika sakafuni. Basi mwenye busara humwaga maji yote, akatia mabombani dawa ya kuzuia kuganda iliyokusudiwa mabomba ya maji ya kunywa, wala si ile ya kawaida ya injini, ambayo ni sumu. Hung'oa betri, na huondoa kila chembe ya chakula isije ikawaalika panya. Kisha hulipia nafasi katika ghala. Asiyemudu ghala huliacha uwanjani chini ya kifuniko kipitishacho hewa, maana unyevu uliofungiwa huzaa ukungu.

Lakini yule ambaye gari ndilo nyumba yake ya pekee hawezi kulifungia ghalani. Huyo hushika njia ya pili, nayo ni kuelekea kusini kwenye jua.

Kituo mashuhuri cha wasafiri hao ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Arizona, kiasi cha kilomita 200 magharibi ya Phoenix. Wakazi wake wa kudumu hawafiki 4,000, na wakati wa hari joto hupita nyuzi 40. Ifikapo Januari, jangwa lote huwa kama kambi kubwa ya jeshi: magari kwa maelfu, moto wa jioni, na masoko ya vito na mawe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Biashara ya mji huo hutegemea miezi hiyo michache.

Tangu mwaka 1983 idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma imetenga maeneo ya kukaa muda mrefu. Eneo la La Posa, lililo kando ya mji, lina ekari zaidi ya 11,000. Mwenye kulipia kibali cha msimu aweza kukaa humo tangu Septemba 15 hadi Aprili 15. Nje ya maeneo hayo, aghalabu ruhusa ni siku 14 tu, kisha sharti ahame. Kwa mzee mwenye pensheni ndogo, kibali hicho ndicho kimpacho usingizi wa amani.

Wageni hao si wa kwanza kufika hapo kutoka mbali. Katika makaburi ya Quartzsite pana piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake, iliyojengwa mwaka 1935. Hapo amelala Hadji Ali, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 kuongoza ngamia wa jeshi. Wamarekani, waliposhindwa kulitamka jina lake, walimwita Hi Jolly. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, mpango wa ngamia ulififia na wanyama wakatawanyika. Yeye hakurudi kwao. Alifariki Quartzsite mwaka 1902.

Hivyo kila msimu wazee huegesha nyumba zao karibu na kaburi la msafiri ambaye jangwa hilo lilikuwa kituo chake cha mwisho. Aprili ikifika, wao hukunja viti, huzima moto, wakarudi kaskazini.